Crown yako "haijatulia"? Tukubaliane kwanza kutulia ni nini

"Fundi, hii Crown haijatulia."

Maneno haya nayasikia karibu kila wiki hapa gereji Nyakato, Mwanza, na kila anayeyasema ameshamaliza akiba yake kununua gari aliloahidiwa kwamba limetulia kuliko yote. Wa juzi alikuwa mzee wa Kisesa, anashuka mjini kila asubuhi na kurudi jioni. Gari ni Toyota Crown Athlete ya kile kizazi cha 2003 hadi 2008, injini ya V6 (silinda sita kwa umbo la V) ya lita 2.5, bodi safi, ndani safi. Kwenye buti alikuwa na maboksi mawili ya mikeka ya lami, ile yenye foili juu, ya kubandika chini ya zulia. Alitaka ning'oe viti vyote nimbandikie, maana ameambiwa dawa ya kelele ni hiyo.

"Gari kubwa namna hii," akasema, "inapiga kelele kuliko Corolla niliyouza. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa, mzee. Ulilipia utulivu kweli, ila wa barabara usiyopita.

Kinachonichosha ni hilo neno, kutulia. Dalali akikuambia gari limetulia, huenda anasema ni laini, yaani shimo haliji mpaka kiunoni. Huenda anasema ni kimya. Na mara nyingi anasema linashika barabara, kwamba ukiwa kilomita 120 kwa saa kuelekea Shinyanga haliyumbi. Mambo haya matatu yanavutana. Springi na shokapu ngumu, tairi la ubavu mfupi: hivyo ndivyo vinavyoliganda gari kwenye lami mwendo ukiwa mkali, na hivyohivyo ndivyo vinavyokuletea kila kokoto kwenye kiti ukiwa kwenye 30. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana Crown ile waliitoa kwa tabia mbili: Royal Saloon kwa anayetaka kubebwa, Athlete kwa anayetaka kuendesha. Urefu kati ya ekseli ni uleule, milimita 2850. Tofauti unayoisikia mgongoni iko kwenye miguu, yaani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika tairi, pamoja na tairi lenyewe. Huku kwetu zote zinaitwa Crown tu, na Athlete ndiyo inayokimbiliwa kwa sababu ya sura.

Sasa fuata njia ya mzee. Kisesa, Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini, mjini. Matuta, rasta, daladala zinazosimama bila taarifa, bajaji. Akigusa 60 ni bahati. Barabara ya Nyerere haimpi nafasi hata siku moja ya kuufaidi utulivu wa 120. Anachohitaji ni ulaini na ukimya wa 20 mpaka 50, na huo unatoka kwengine kabisa.

Unatoka kwenye tairi kwanza. Sedani nzima ikishavuka 40 au 50 kwa mwendo usiobadilika, sauti ya tairi inaipita ya injini. Kwa hiyo anayejisifu kwamba V6 yake haisikiki anasema kweli, lakini si injini inayomchosha. Crown Royal nyingi za 2.5 zilikuja na 215/60R16: upana wa tairi milimita 215, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 16. Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129 za ubavu. Athlete ya mzee inavaa 225/45R18, ambayo ni milimita 101. Kwa nje matairi hayo yanakaribia kulingana, kipenyo milimita 664 kwa 660, kwa hiyo kwa macho hupotezi kitu. Kilichopotea ni karibu sentimita tatu za mpira na upepo, zile zilizokuwa zinalimeza shimo kabla shokapu haijaambiwa lolote.

Hapa ndipo ile imani ya "gari zito ndilo linalotulia" inaponikera zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Uzito unaokaa juu ya springi unasaidia: bodi nzito haishtuki upesi. Uzito ulio chini ya springi, yaani rimu, tairi, breki, huo ni adui. Kila tundu unarushwa juu, na shokapu ndiyo inayohangaika kuurudisha. Mtu ananunua gari la tani moja na nusu kwa ajili ya utulivu, kisha anaongeza rimu za 19 kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, halafu anakuja kuniuliza springi zimekuwaje.

Upepo nausema haraka: kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema 230 kPa, hiyo ni kama 33 kwa geji ya psi, tairi likiwa baridi. Vijana wa upepo wanaweka 40 "kwa kuwa gari ni kubwa". Wakatalie.

Nikamwomba mzee ainame kwenye tairi la nyuma kushoto. "Weka kiganja hapo juu, upande wa ndani, kisukume mbele taratibu." Akasukuma, mkono ukateleza kama juu ya meza. "Sasa kirudishe." Mkono ukakwama. Akautoa haraka akaangalia vidole vyake kama vimekatwa. Kila kipande cha mpira kilikuwa kimeliwa upande mmoja, upande wa pili kimebaki na ncha, mfano wa meno ya msumeno. Tairi la namna hiyo linavuma. Ukienda 30 linaguna, ukienda 50 linaimba, na dereva anaapa kwamba ni beringi.

Nami nakiri: kwa sikio peke yake nimeshakosea. Nimewahi kumbadilishia mtu beringi mbili zilizokuwa nzima kwa mvumo uliotoka kwenye tairi, na pesa ya kazi nikamrudishia. Siku hizi nahamisha matairi ya mbele nyuma kwanza, naendesha njia ileile. Mvumo ukihama, ni tairi. Usipohama, nalipinda gari kulia na kushoto kwenye nafasi salama: ukipinda kushoto uzito unaegemea kulia, na beringi mbovu ya kulia inapaza sauti. Hata hapo kuna siku majibu yanakuja nusunusu, na inabidi nimwambie mteja kwamba tunaanza na kinachogharimu kidogo.

Sasa bushi. Mniwie radhi, hapa nitakaa.

Crown hii na Toyota Mark X ya kwanza ya 2004 miguu yao ni ya ukoo mmoja: mbele mikono miwili kila upande (mikono ni vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi), nyuma mikono mingi. Mkono unapofungwa bodini una bushi, kipande cha mpira ndani ya bomba la chuma, na bushi ndiyo inayozuia sauti ya barabara isipande bodini. Mpira ule ni sikio la gari lililozibwa. Ukizeeka unakuwa mgumu kama kwato, na hapo hata lami nzuri ya Capri Point utaisikia ikikwaruza chini ya miguu yako. Wengi wanasubiri bushi igonge. Bushi inakuibia ukimya miaka mingi kabla ya kugonga, na kwa kuwa inakuibia kidogo kidogo hushtuki.

Kosa ninaloliona kila mwezi ni la kukaza. Fundi anapandisha gari juu ya jeki, miguu inaning'inia, anafunga mkono mpya wenye bushi mpya, anakaza boliti mpaka mwisho, anashusha. Bushi hizi mpira wake umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Hauzunguki, unajisokota. Ukikaza mguu ukiwa umening'inia, umeuambia mpira kwamba huko chini ndiko nyumbani. Gari likikaa chini, mpira unaishi umesokotwa saa zote, hata ukiwa umelala. Gari linakuwa gumu na limenyanyuka kidogo, mwenye gari anafurahi kwamba limepanda, na baada ya miezi kadhaa mpira umechanika. Kisha lawama inakwenda kwa spea, "feki hizo."

Bushi za mkono wa chini wa mbele za mzee zilikuwa hivyohivyo. Alizifunga mwaka jana gereji moja hapa mjini. Nilipotoa mkono nikauweka mezani, ufa ulikuwa umezunguka mpira nusu duara, ncha ya bisibisi ilizama mpaka kwenye chuma, na kando ya ufa mpira ulikuwa bado mweusi unang'aa kama umetoka kiwandani. Mpira mpya umekufa kwa kunyongwa. Kaza boliti hizo mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi, au mguu umenyanyuliwa mpaka kimo kilekile. Ni kazi ya dakika ishirini zaidi. Siwezi kueleza kwa nini watu wanaikwepa.

Na mkiona gari limenyanyuliwa kwa vipande vya mpira vilivyobanwa katikati ya mizunguko ya springi ili lisiguse matuta, jueni ile mizunguko imefungwa haifanyi kazi tena. Springi imekuwa fupi na ngumu. Ulaini umekwisha hapo.

Mnaniuliza kila siku ninunue lipi. Kwa Mwanza, kwa kazi ya kwenda na kurudi, Crown Royal yenye rimu zake za 16 naiweka mbele. Mark X ya 250G yenye tairi za 60 iko karibu nayo kuliko wanavyotaka kukubali wenye Crown. Viti ni vigumu kidogo na inapitisha sauti zaidi nyuma, lakini ikiwa na bushi nzima inaishinda Crown iliyochoka bila ubishi. Nissan Teana ya 2008 kuendelea ina viti ambavyo sijavipata kwenye gari jingine la bei yake, na katika foleni ya Kirumba ni kimya kweli. Kwenye matuta makali mbele inashuka sana. Mercedes E ya 2002 hadi 2009, ikiwa na springi za chuma, ni tulivu kwa maana zote tatu. Ikiwa na zile za upepo ni tulivu zaidi, mpaka siku mfuko utakapovuja ukute gari limelala chini. BMW 5 ya enzi hiyo nyingi zilikuja na tairi ambazo hata zikipata pancha unaendelea kwenda, na ubavu wa tairi hilo ni mgumu kwa kusudi. Ukizibadilisha kwa za kawaida unapata gari jingine, mradi ukumbuke kubeba spea tairi.

Mark II Grande ya zamani naitaja kwa mapenzi. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zinajisawazisha zenyewe, ukiwa umesimama kwenye taa unasahau kama injini inawaka. V6 haifikii hapo. Mauntingi za injini, vile vikalio vinavyoishika, kwenye Crown na Mark X zina maji ndani, na yakivuja gari linatetemeka ukiwa D umekanyaga breki, ukiweka N linatulia. Jaribu leo.

Mikeka ya lami je? Inafanya kazi yake: bati linalotetemeka linanyamaza. Mvua ikipiga paa haivumi sana, mlango ukifungwa unasikika mzito. Lakini mvumo wa tairi, ule wa chini unaofanana na ngoma ya mbali, sehemu yake ni hewa iliyo ndani ya tairi lenyewe ikiitikia kwenye mitetemo kama 200 kwa sekunde. Unapitia kwenye mkono, kwenye bushi, mpaka bodini. Huo hauzibwi kwa zulia.

Hapa nina shaka yangu moja na vipimo. Wateja wananionyesha simu: "Fundi, ona, desibeli zimeshuka mbili tu." Programu nyingi za simu zinapima kwa kuipunguzia uzito sauti nzito, kwa kuiga sikio. Mvumo unaokuchosha kichwa baada ya saa moja unaweza kuondoka na namba isisogee sana. Na nimeona kinyume chake, namba imeshuka na mwenye gari bado analalamika, naye ana haki. Sasa kipimo changu ni kumuuliza mtu akifika nyumbani anataka kulala, yaani kelele imemchosha, au bado anataka kuongea.

Upepo wa madirishani sikuugusa kwa mzee, hafiki mwendo wake. Anayevuka daraja la Kigongo–Busisi kila siku ndiye wa kufunga mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta: kikitoka bila kubanwa, mpira wa mlango umelala. Na nyinyi wa kando ya ziwa mnaofunga vioo jioni kwa sababu ya wadudu, mnajua gari lililofungwa linavyofichua kila kelele.

Mzee tulimpatia rimu za 16 zilizotoka kwenye Mark X. Nati tano, 114.3, zinaingia, nilipima kwanza kama zinaipita breki. Tairi za 215/60, upepo 33, bushi mpya zilizokazwa gari likiwa chini. Mikeka ameirudisha dukani. Alinipigia siku ya tatu, akaniambia mkewe ameuliza kwa nini redio iko juu hivyo, kumbe sauti ni ileile ya siku zote.

Kisha akaniambia kuna "tik" ndogo upande wa kulia, asubuhi tu, akipita barabara ya mawe ya mtaani kwake. Saa nne haipo. Nadhani ni plastiki ya dashibodi inayobana jua likipanda, lakini inaweza kuwa linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Nimemwambia nitakuja kwake Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, alifunike gari usiku, asiliwashe mpaka nifike.