Sio kila gamba nyoofu ni Othoserasi

Wadau wa Dodoma, yale mawe meusi ya Moroko yaliyong'arishwa, yenye michoro myeupe kama mikuki, watu wanayaita Othoserasi, wengine eti pembe za mnyama. Pembe wapi bana! Huyo ni mnyama wa bahari wa kale aliyegeuka jiwe, ndugu wa ngisi na pweza, gamba lake lina vyumba vyumba na mrija unapita ndani. Ila hata hilo jina, ambalo lipo tangu 1789, wanasayansi walikuwa wanatupia humo kila gamba lililonyooka mpaka likavurugika, sasa hivi limebanwa, Othoserasi wa ukweli ni wa kule Baltiki, Sweden na Estonia, enzi ya Odovisia, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Wa Moroko wengi ni wa enzi za baadaye, Siluria na Devonia, ni ndugu zake wa ukoo tu. Na usihangaike kumchimba hapa Dodoma, majabali yetu ni matale, yalitokana na uji wa moto na sio tope la bahari.