Mashine ya kufulia haiingizi maji? Pima kwanza, ndipo uagize vali

Hapa Kigoma, vali ya kuingizia maji ya mashine ya kufulia mara nyingi huagizwa Dar es Salaam. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo mteja akinipigia kwamba vali imekufa, namwomba asitume hela ya spea mpaka niione mashine. Vali nyingi ninazozikuta zimeshahukumiwa ni nzima kabisa, zimeziba tu.

Anza na sauti. Washa mashine, sogeza sikio nyuma pale mpira wa maji unapoingilia. Ikinguruma kidogo lakini maji hayaji, basi umeme unafika kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaoifungua vali ukipata umeme. Shida iko upande wa maji. Chomoa plagi, funga koki, fungua mpira. Ndani ya mdomo wa vali kuna kichujio kidogo cha wavu. Kibane katikati kwa plaizi ya mdomo mrefu, ukivute taratibu. Maji ya bomba yakikatika kisha yakarudi, huja na tope na kutu, na vingi vinanasa hapo. Juzi Gungu nilitoa kimoja kimegandwa na ute wa kahawia hata matundu hayaonekani. Nilikisugua kwa mswaki mkuukuu, nikakirudisha, mashine ikajaa.

Wavu ukiwa safi, tazama tangi. Maji yanahitaji kimo cha mita 10 hivi ili yatoe presha ya baa 1. Simtanki lililo mita 3 juu ya vali linakupa baa 0.3 tu, na mashine nyingi zinataka 0.3 hadi 0.5, nyingine zaidi. Hapo dawa ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo.

Sasa kuna tatizo la kinyume, linalowatisha watu: mashine imezimwa na bado inajaa maji. Umeme hauhusiki. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira chenye kitundu chembamba sana pembeni. Maji hupita kwenye kitundu hicho, yakajaa juu ya kiwambo na kukikandamiza kifunge njia. Koili ikipata umeme, inainua pini iliyoziba tundu la katikati. Maji ya juu yanatoka, kiwambo kinanyanyuka. Chembe moja ya mchanga ikiziba kile kitundu cha pembeni, kiwambo hakirudi chini. Presha ikiwa hafifu mno pia hakifungi vizuri. Vali ya namna hii mimi naibadilisha, kwa sababu nyingi zimeunganishwa moja kwa moja na hazifunguki bila kuvunjika.

Mashine ikiwa kimya kabisa, pima koili, plagi ikiwa imechomolewa. Vua waya zake, weka mita ya kupimia umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Koili ya volti 220 hadi 240 kwa kawaida husoma karibu omu 4,000. Isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma vizuri, acha vali, kagua kufuli ya mlango na waya.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi nyepesi. Mashine nyingi zina skrubu mbili nyuma za mfuniko wa juu. Piga picha kabla hujagusa kitu: ukibadilishana mipira ya vali yenye koili mbili, maji yatapita kwenye kijisanduku cha sabuni kisicho chake. Tandika kitambaa, kuna maji yatakayomwagika. Spea ilingane na ya zamani kwa idadi ya koili, uelekeo wa midomo na volti zilizoandikwa ubavuni. Rangi si kitu.

Mpira wa maji ukaze kwa mkono, kisha kidogo sana kwa plaizi, maana nyuzi za vali ni plastiki na hupasuka. Fungua koki kabla ya kuchomeka plagi, weka tishu kavu chini ya kiungio, subiri dakika 10. Tishu ikilowa, fungua uangalie kama washa, ile pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, imekaa sawa.