Picha ya MRI haipigwi, hukokotolewa

Mjomba alitoka kwenye kipimo cha MRI ya shingo hapa Kisumu akinung'unika. Amelala mle karibu nusu saa, mashine ikigonga kama fundi wa mabati, na kwa kukohoa tu akaambiwa sehemu irudiwe. "Picha gani hii isiyopigwa mara moja?"

Haipigwi kabisa. Mle hamna kamera wala eksirei. Sumaku huzipanga chembe za haidrojeni zilizo katika maji na mafuta ya mwili, mawimbi ya redio yakazitikisa, nazo zikajibu kwa mnong'ono wa redio. Kwa sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mnong'ono huo huwa karibu megahazi 64, chini kidogo ya stesheni za FM. Shida ni kwamba sehemu zote hunong'ona pamoja.

Sasa msikilize mpiga nyatiti. Nyuzi 8 zinalia kwa mpigo, lakini sikio lililozoea huujua kila uzi. Mashine nayo huizidishia sumaku nguvu upande mmoja, ili kila mahali pawe na sauti yake. Kisha kompyuta huzitenganisha kwa hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier, aliyekuwa akichunguza joto, si wagonjwa. Huko ndiko kuunda picha. Mkemia Mmarekani Paul Lauterbur alipoanza kuunda picha hizi mwaka 1973 aliunganisha vivuli vya kitu kimoja kutoka pande mbalimbali. Njia ya Fourier ililetwa na mkemia Mswisi Richard Ernst na wenzake 1975.

Minong'ono hujazwa mstari kwa mstari katika jedwali liitwalo nafasi-k. Katikati yake mna weusi na weupe wa jumla, pembeni mna kingo na mistari midogo. Ajabu ni kwamba kila nukta ya jedwali hugusa picha yote. Kwa hiyo kikohozi hakikuacha doa moja, kilitandaza vivuli shingo nzima.

Muda hupunguzwa kwa kuruka mistari. Tangu 1999 njia ya SENSE hufidia pengo kwa kulinganisha antena kadhaa. Mwaka 2007 mtafiti Michael Lustig na wenzake walionyesha kwamba mistari ikirukwa ovyo ovyo, kompyuta inaweza kutafuta picha sahili inayoafikiana na vipimo vilivyopo. Siku hizi akili unde pia hujaza mapengo. Hapo mimi husita kidogo, kwani inaweza kuchora kisichokuwepo, au kufuta kivimbe kidogo kilichopo.

"Basi heri warudie," akasema Mjomba.