Daraja la Kigongo–Busisi na riziki zilizokuwa kwenye foleni

Nilikaa Busisi, kando ya ghuba ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, siku nne nikiwa na fomu ya kuhesabia magari yaliyosubiri kuvuka. Wakati huo daraja lilikuwa bado nguzo majini na kelele za mitambo. Kazi yangu ni uchumi wa usafirishaji, na sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa kando ya barabara ukihesabu: basi, Fuso, semitrela, bodaboda, limefika saa ngapi, limepanda pantoni saa ngapi.

Siku ya pili lilikuja Fuso la mananasi kutoka Geita. Utingo alikunjua turubai upande mmoja ili mzigo upate hewa, na baada ya muda maji ya mananasi ya chini yakaanza kudondoka kwenye vumbi. Dereva alikuwa anatembea kati ya gari na mlango wa kivuko, anarudi, anakwenda tena. Nilimuuliza kinachomsumbua. "Ndugu yangu, nikifika Mwanza jioni wale wa jumla wameshaondoka. Wanaobaki wananipangia bei wao." Nikaandika kwenye fomu: ametoka Geita, anakwenda Mwanza, mzigo mananasi, amesubiri saa mbili na dakika ishirini. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika ile bei aliyokuwa anakwenda kupangiwa, na bei hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kujenga daraja.

Daraja lenyewe lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa takriban kilomita 3, mbali na barabara unganishi za kilomita 1.66, na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, fedha za ndani. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2019 na sasa linaitwa kwa jina lake. Zamani pantoni peke yake ilichukua zaidi ya nusu saa kuvuka ile ghuba, achilia mbali foleni. Leo ni dakika chache, unapita bila kuzima injini.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mabilioni yote hayo, ajira ziko wapi? Mwulizaji anasubiri nimtajie waliofunga nondo na kumwaga zege. Walikuwepo, na nawaheshimu. Kijana aliyeingia pale akiwa kibarua akatoka fundi wa nondo ameondoka na ujuzi atakaokwenda nao mradi mwingine. Lakini katika hesabu zangu mishahara yao inakaa upande wa gharama. Mkandarasi akimaliza anakunja kambi, na ajira zile zinaisha siku hiyohiyo. Mwanasiasa anayejivunia ajira za ujenzi pekee anajivunia bei aliyolipa, hajatuambia alichonunua.

Kuna sehemu moja tu ambako nabadili msimamo huo, nayo ni barabara ndogo za vijijini. Kule kuchimba mifereji, kufyeka kingo na kuziba mashimo kunaweza kufanywa kwa jembe na toroli, na fedha ikabaki mifukoni mwa wanakijiji badala ya kuishia kwenye dizeli ya greda. Tuna chuo Mbeya kinachofundisha teknolojia hii ya nguvu kazi kwa miaka mingi. Huwezi kujenga daraja la kilomita 3 hivyo, ila kalavati unaweza.

Turudi kwa yule dereva. Tuseme kila akivuka anapoteza saa mbili, kwenda na kurudi ni saa nne. Gari lina marejesho ya mkopo, bima, posho ya dereva na ya utingo, na vyote vinalipwa likitembea au likiwa limesimama. Safari ya Geita na Mwanza iliyokuwa inameza siku nzima sasa inaweza kurudiwa mara mbili kwa siku. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule, ila mzigo umeongezeka maradufu. Mwenye gari anaweza kushusha nauli ya mzigo kidogo na bado akapata zaidi. Nauli ikishuka, mkulima ambaye nanasi lake lilikuwa halilipi gharama ya kulipeleka Mwanza anaanza kuona hesabu inakubali. Anapanua shamba, anatafuta wa kumsaidia kuvuna. Mvunaji huyo ndiye ajira ya daraja, ingawa yeye mwenyewe huenda hajawahi kuliona.

Mwenye duka Sengerema naye alikuwa anajaza stoo kwa sababu hana uhakika kama pantoni itafanya kazi wiki ijayo. Mara injini imekufa, mara magugumaji yameziba njia. Fedha yake ilikuwa imelala kwenye magunia ya sukari. Sasa ananunua kidogo kidogo, na ile iliyolala inafanya kazi nyingine. Mambo haya hayafanyiwi uzinduzi.

Na kuna lisiloingia kwenye shilingi kabisa. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya kwanza kupanda, kila mtu aliliachia njia. Lakini nafasi ya kwanza haileti pantoni iliyoko ng'ambo. Niliona gari moja likisubiri huku taa zake zinazunguka, likiwa na mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Foleni yote ilinyamaza, hata wauza karanga. Sisi wachumi tuna njia za kuweka thamani ya maisha katika upembuzi yakinifu, na nimezitumia. Siku ile sikuandika kitu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hulipita haraka. Foleni ile ilikuwa inalisha watu. Kila gari lililosimama saa mbili lilikuwa na watu wenye njaa na kiu, na kando yake walisimama wauza sato wa kukaanga, mihogo, mayai, maji, vocha, miwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki karibu na gati alinipa stuli yake nikae nihesabu. Nilimwamkia kila asubuhi, na siku ya tatu baada ya kuitikia marahaba akaniuliza, "Mwanangu, wewe unahesabu magari. Na sisi nani anatuhesabu?"

Sikuwa na jibu, maana fomu haikuwa na safu yao. Nilichora safu kwa kalamu pembeni nikaanza kuhesabu mabeseni yao pia. Mama yule alikuwa amesomesha watoto watatu kwa muda uliokuwa unapotea wa watu wengine. Kwa nchi, muda ule ni hasara. Kwake ulikuwa ndio duka. Daraja limechukua ile hasara na kuigeuza faida ya maelfu ya watu, faida ndogondogo iliyotawanyika, na limemwangushia yeye na wenzake hasara nzima kwa siku moja. Ukijumlisha, daraja linashinda kwa mbali, sina shaka hata kidogo. Ila anayepata na anayekosa si mtu mmoja, na jumla haimpikii mtu chakula.

Pia si kila duka jipya utakaloliona baada ya daraja ni ukuaji. Lililofungwa Busisi likafunguliwa Sengerema mjini ni duka lilelile limehama. Ukilihesabu upande mmoja tu, utaandika ripoti nzuri isiyo ya kweli. Nimesoma ripoti za namna hiyo.

Kuhusu yule mkulima wa mananasi, hadithi yake inategemea kipande ambacho hakipigwi picha. Barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni zaidi ya kilomita 144,000, na nyingi ni za udongo. Masika, kipande cha kilomita chache kati ya shamba na lami kinaweza kumeza saa zote ambazo daraja limeziokoa. Mwaka 2021 serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maamuzi bora ya uchukuzi tuliyofanya karibuni, ingawa yalimuuma kila mwenye gari. Fedha hiyo inapaswa kulindwa kwa wivu.

Na matengenezo. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, Lindi na Mtwara walipumua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapita, maji yakakata barabara eneo la Somanga, na kusini ikatenganishwa tena na Dar es Salaam, malori yamepanga mstari pande zote mbili. Daraja kubwa lilikuwa zima. Yaliyozidiwa ni makalavati na matuta ya udongo yanayobeba barabara, ambayo hakuna mtu angesafiri kwenda kuyazindua.

Nilipita tena Busisi baada ya uzinduzi, kwa basi kutoka Mwanza. Abiria walisimama kupiga picha, mzee mmoja akalia machozi waziwazi, na mimi nilisikia koo limenibana. Tuliposhuka upande wa pili nilitazama chini kuelekea gatini. Hapakuwa na moshi wa kikaango hata mmoja.

Nilimtafuta yule mama kwa kuulizia, nikampata stendi ya Sengerema. Amehamia na beseni lake, ila hana kizimba, anauza akisimama juani kwa sababu vizimba vilikuwa vimeshagawiwa. Stuli ile bado anayo. Alinipa nikae, akaniuliza kama zile hesabu zilifika.

Nilimwambia zilifika, kwenye kiambatisho, ukurasa wa mwisho. Kwenye mradi ninaoufanyia kazi sasa, ambako pia kuna pantoni, nimeomba gharama ya kuwahamisha wachuuzi iingie ndani ya bajeti ya daraja lenyewe, pamoja na zege na nondo, kabla zabuni haijatangazwa. Bado tunavutana.