Msimbo Bora Haupimwi kwa Wingi wa Mistari

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa vyama vya akiba, zahanati na shule zilizonunua mifumo ya kompyuta yanafanana: siku ya makabidhiano mfumo ulifanya kazi, lakini baadaye kurekebisha kitu kimoja kukavuruga vingine vitatu. Tukiuliza ubora ulipimwaje, tunajibiwa kwamba mistari ya msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, ilikuwa mingi. Wingi wa mistari si ubora! Mara nyingi ni kipande kilekile kilichonakiliwa kila mahali.

Kipimo cha kuanzia ni cha Thomas McCabe, cha mwaka 1976. Katika kila kitendakazi, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, hesabu sehemu ambapo programu inaamua njia ya kufuata, yaani kila “kama” na kila mzunguko, kisha ongeza 1. McCabe alipendekeza jumla isizidi 10. Ikizidi sana, kukijaribu na kukirekebisha kitendakazi hicho kunakuwa kugumu.

Asilimia ya majaribio, yaani sehemu ya mistari inayopitiwa majaribio yanapoendeshwa, nayo huwahadaa wengi. Tumekuta jaribio linaloita kitendakazi cha kukokotoa riba, lakini halilinganishi jibu na chochote. Mistari yote imepitiwa, ripoti inasema asilimia 100, na hata riba ikitoka hasi jaribio litapita. Someni majaribio yenyewe.

Wala msiseme “ulifanya kazi kwingine.” Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu ya msimbo wake ilitoka Ariane 4, ambako haikuwa na tatizo. Safari hii namba ya biti 64 ilizidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na ubadilishaji huo haukuwa na kinga.

Kwa walioko Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kudhibiti data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuhusu uvujaji wenye hatari halisi ya madhara kwa wahusika. Anayechakata data kwa niaba ya mwenye kudhibiti humwarifu mdhibiti huyo ndani ya saa 48, inapowezekana. Faini ya Kamishna hufikia shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Kumtupia lawama fundi hakukuondolei wajibu huo.

Kwa hiyo, kabla ya malipo ya mwisho, mpe msanidi (mwandishi wa programu) mwingine msimbo huo aongeze jambo dogo, mathalani aina mpya ya mkopo. Hesabu mafaili aliyolazimika kuyagusa, na umwombe akuonyeshe kila moja: yakiwa mengi kwa jambo dogo, ndiyo dalili ya mfumo ambao kurekebisha kitu kimoja huvuruga vingine.