Je, wajua kwa nini hojaji ya bega haitafsiriwi tu kwa Kiarabu ikaanza kutumika?

Eksirei haimwambii daktari kama mgonjwa anashindwa kuchana nywele au kulalia upande unaouma. Hayo anayajua mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo hupewa hojaji: anajibu maswali, majibu yanageuzwa kuwa alama, na alama hizo hulinganishwa kabla na baada ya matibabu. Zinazojulikana sana ni SPADI ya mwaka 1991 yenye maswali 13, Oxford Shoulder Score ya 1996 yenye maswali 12, na DASH, yenye maswali 30 kuhusu mkono mzima.

Sasa mpe hojaji hizi mzee wa Riyadh, Saudi Arabia. Oxford itamuuliza kama ameweza kutumia kisu na uma kwa wakati mmoja. Mzee huyu anakula wali kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja na wenzake. Akijibu kwamba hawezi, tatizo ni bega au ni mazoea? SPADI nayo inauliza anapata shida gani kutoa kitu mfuko wa nyuma. Swali lenyewe lina akili sana, kwa sababu kitendo hicho hulazimisha bega kujizungusha kwa ndani mkono ukirudi nyuma, na mwenye bega lililoganda hapo ndipo anapokwama. Ila kanzu haina mfuko wa nyuma! Kulifuta ni kupoteza kipimo. Inabidi kitafutwe kitendo cha maisha ya pale kinachopeleka mkono mahali palepale, kwa ugumu uleule. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sarufi ni jambo dogo.

DASH inataja gofu na tenisi, kisha inauliza kuhusu tendo la ndoa, swali ambalo watu wengi huliruka popote pale. Na kanuni yake ni kali: maswali zaidi ya matatu yakiachwa wazi, alama haihesabiwi kabisa.

Mwongozo wa kutafsiri hojaji unaofuatwa sana, wa mtafiti Dorcas Beaton na wenzake, ulitoka mwaka 2000. Wafasiri wawili hufanya kazi kila mmoja kivyake, mmoja akijua mambo ya tiba na mwingine hajui. Wengine wawili huirudisha tafsiri katika lugha ya awali bila kuiona hojaji ya asili. Kamati hupatanisha, kisha wagonjwa 30 hadi 40 hujaribishiwa na kuulizwa walichoelewa. Baadaye hojaji hujazwa mara mbili, siku chache zikipita katikati. Bega halijabadilika lakini alama zinayumba? Basi kuna kasoro.

Hata mstari wa maumivu, 0 hadi 10, una mtego. Kiarabu husomwa kutoka kulia. Mstari ukiachwa ulivyo kwenye Kiingereza bila maelekezo ya wazi, mtu asiyelala usiku kwa maumivu anaweza kuweka alama kwenye ncha ya asiyeumwa.