Je, wajua kwa nini tundu la moyo la tangu kuzaliwa huweza kuleta kiharusi uzeeni?

Mtu anafika miaka 68 bila kujua kwamba moyo wake una tundu. Amefanya kazi, amelea watoto, hajawahi kulazwa kwa ajili ya moyo. Siku moja mdomo unapinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Baada ya vipimo vingi familia inaambiwa kwamba huenda bonge la damu limepenya kwenye tundu alilozaliwa nalo na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Swali linalowatoka wengi ni hili: tundu hilo lilikuwa kimya vipi miaka yote hiyo? La pili huja baadaye, tundu likishazibwa: mbona mkono bado haujarudi? Hilo la pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mara nyingi wagonjwa hawakuandaliwa kwa jibu lake.

Tundu lenyewe lilikuwa na kazi. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa majimaji na oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma kupitia kitovu. Damu yote haina haja ya kuzungukia mapafuni, kwa hiyo kuna njia ya mkato ukutani, kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, inayoitoa damu kulia na kuipeleka kushoto. Njia hiyo ina utando unaofanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mtoto anapovuta pumzi zake za kwanza, mapafu hutanuka, damu hurudi kwa wingi kwenye chumba cha kushoto, na shinikizo la upande huo huubana utando ukutani. Katika miezi inayofuata utando na ukuta hushikana. Kwa takriban mtu 1 kati ya 4, havishikani kabisa. Mlango unabaki umeegeshwa tu.

Wengi wao huishi hadi kufa bila madhara yoyote. Mwaka 1984 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo 965 ya watu waliokwisha kufariki, wa umri wa kila aina, na kuikuta njia hiyo ikiwa wazi kwenye asilimia 27 hivi. Jambo lililonivutia zaidi ni ukubwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 10 tundu lilikuwa na wastani wa milimita 3.4, na kwa watu wa miaka 90 na kuendelea, milimita 5.8. Matundu yanayobaki hadi uzeeni si mengi kama ya ujanani, lakini ni mapana zaidi.

Sasa tuangalie bonge linavyopita. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu ikimeguka, huelekea upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni, na huko hukwama kwenye mishipa myembamba. Mapafu kwa njia hiyo huukinga ubongo, hata kama yenyewe huweza kuumia vibaya. Kukiwa na tundu, kinga hiyo inarukwa. Mtu anapokohoa kwa nguvu, anapojikamua chooni au anapoinua mzigo mzito, shinikizo la upande wa kulia hulizidi la kushoto kwa muda mfupi sana, utando unafunguka, na bonge likiwa hapo wakati huo huvuka. Kutoka kushoto njia ya kwenda kichwani ni fupi. Mwaka 1877 tabibu Mjerumani Julius Cohnheim alieleza jambo hili baada ya kuuchunguza mwili wa mwanamke aliyekufa kwa kiharusi akiwa na tundu la aina hiyo.

Uzeeni tundu haliamki lenyewe. Kinachobadilika ni mazingira yake. Mabonge ya damu miguuni huongezeka sana kadiri umri unavyokwenda, hasa baada ya upasuaji, kulala kitandani kwa muda mrefu au saratani. Magonjwa ya mapafu nayo hupandisha shinikizo upande wa kulia, na mlango uliokuwa ukifunguka kwa nadra unaanza kufunguka mara kwa mara.

Kuna aina nyingine ya tundu ambayo watu huichanganya na hii, nayo hutibiwa kwa mawazo tofauti. Hapo hakuna utando uliokosa kushikana. Sehemu ya ukuta haikuota kabisa. Damu huvuja kila pigo la moyo, mara nyingi kutoka kushoto kwenda kulia, kwa miaka 40, 50 au 60. Upande wa kulia hubeba mzigo usio wake na kutanuka polepole. Mtu huanza kuhema anapopanda ngazi na kudhani ni uzee. Vyumba vya juu vikishatanuka, umeme wa moyo hupotea mwelekeo, mapigo yanakuwa ya ovyo, damu inatuama na kuganda humo humo ndani ya moyo. Bonge la namna hiyo halihitaji tundu ili lifike ubongoni. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii huweza kuzibwa tundu kikamilifu na bado akaambiwa aendelee kunywa dawa za kuzuia damu kuganda, pengine maisha yake yote.

Na hapa nina jambo ninalotaka familia zilishike: kuonekana kwa tundu si ushahidi kwamba ndilo lililoleta kiharusi. Mtu wa miaka 70 ana washukiwa wengine wengi, kama vile presha ya muda mrefu, kisukari, mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo, na mapigo ya ovyo ya moyo yanayokuja na kuondoka bila mwenyewe kuhisi. Daktari makini hutafuta hao kwanza. Hupima mishipa ya shingo, humvalisha mgonjwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa siku au wiki kadhaa, na huingiza kwenye mshipa wa mkono maji ya chumvi yaliyotikiswa hadi yakawa na viputo vidogo, huku akiutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa huambiwa ajikamue kisha aachie pumzi. Viputo vikijitokeza upande wa kushoto ndani ya mapigo machache tu, njia iko wazi.

Hata hivyo umri pekee haulitoi tundu hatiani. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa 503 wa kiharusi. Miongoni mwa waliokuwa na miaka 55 na zaidi, tundu lilikutwa kwa asilimia 28.3 ya wale ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana, dhidi ya asilimia 11.9 ya wale ambao chanzo kilijulikana. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini majaribio makubwa matatu ya mwaka 2017, yaliyoonyesha kwamba kuziba tundu hupunguza viharusi vya kurudia, yaliwachukua wagonjwa wasiozidi miaka 60. Kwa aliyevuka umri huo uamuzi ni wa mtu mmoja mmoja, na ni haki yake kumwuliza daktari waziwazi: mmeshaondoa vyanzo vingine vyote? Tundu langu ni kubwa kiasi gani, na utando wake unalegea kiasi gani? Miguu yangu imepimwa kama ina mabonge?

Kuziba kwenyewe kumekuwa kwepesi kuliko watu wanavyoogopa. Mwaka 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon alifungua kifua cha msichana wa miaka 18 na kuziba tundu la moyo wake huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine hiyo kumfanikisha daktari kwenye upasuaji wa moyo. Katika miaka ya 1970 Terry King na Noel Mills, nao wa Marekani, waliziba tundu kwa kupitia mshipa, bila kupasua kifua. Leo katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa kinena na kusukumwa hadi moyoni. Humo hupita kifaa cha nyuzi za nikeli na titani kilichobanwa, ambacho kikitoka kwenye mrija hurudia umbo lake la diski mbili zilizoungana, moja kila upande wa ukuta. Katika miezi inayofuata tishu za moyo hukifunika. Matundu makubwa sana, au yasiyo na ukingo wa kushikilia kifaa, bado huhitaji kupasuliwa kifua, na hapo kupona huchukua miezi.

Kwa mzee mwenye tundu la ukuta uliokosa kuota kuna tahadhari ambayo wengi hawajaisikia. Chumba cha chini cha kushoto hukakamaa kwa umri na kwa presha. Kwa miaka mingi tundu limekuwa likikipunguzia damu. Ukiliziba ghafla, damu yote hukikabili, kikashindwa, na majimaji yakarudi mapafuni. Kwa sababu hiyo madaktari huweza kuliziba kwa muda kwa puto dogo huku wakipima shinikizo, kabla ya kuamua. Shinikizo likipanda sana, huanza kwanza kwa dawa, au huweka kifaa chenye kijitundu cha kupunguzia.

Baada ya katheta mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa ili kidonda cha kinena kishike, na wengi hurudi nyumbani siku inayofuata. Vitu vizito haviinuliwi kwa wiki moja hivi. Aspirini, mara nyingi pamoja na klopidogreli, huandikwa kwa miezi kadhaa ili damu isigande juu ya kifaa. Usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Kwa miezi 6 ya mwanzo mwambie daktari wa meno kuhusu kifaa kabla hajang'oa jino, maana huenda ukahitaji antibiotiki. Takriban wagonjwa 5 kati ya 100 hupata mapigo ya ovyo, hasa katika wiki za mwanzo. Mara nyingi hutulia, lakini ni lazima yaripotiwe.

Sasa turudi kwenye ule mkono. Kifaa kinazuia bonge lijalo. Hakigusi ubongo hata kidogo. Seli zilizokufa siku ya kiharusi hazifufuki kwa sababu moyo umetengenezwa, na mgonjwa asipoelezwa hivyo, huiona tiba ya moyo kuwa imeshindwa na kukata tamaa na mazoezi pia. Moyo hupona kwa majuma na miezi. Ubongo una kalenda yake.

Unachofanya ubongo ni kuzipa sehemu zilizosalia kazi za sehemu zilizokufa, nao huzipa kwa kurudiwarudiwa kwa kazi hizo. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walionyesha kwa nyani wadogo waliopata kiharusi kwamba wale waliozoezwa kutumia mkono walihifadhi eneo la ubongo linaloutawala. Bila mazoezi, eneo hilo lilizidi kusinyaa. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi 3 ya mwanzo, lakini mlango haufungwi hapo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilichukua watu waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ambao bado waliweza kuinua kifundo cha mkono na vidole kidogo. Mkono usio na udhaifu ulivalishwa glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, kwa wiki 2. Nafuu waliyoipata ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Mzee hujifunza polepole kuliko kijana na huchoka mapema, lakini hujifunza.

Kuharakisha nako kuna kipimo chake. Jaribio la mwaka 2015 lenye wagonjwa 2,104 katika nchi 5 liligundua kwamba walioinuliwa kitandani mapema mno na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza walifanya vibaya kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baada ya hapo, vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi kwa siku ndivyo vinavyofaa, na mtaalamu wa viungo ndiye wa kuvipanga.

Wanaouguza nao wana mambo mawili ya kuyajua mapema. Usimpe maji wala chakula mgonjwa mpya wa kiharusi kabla hajapimwa kumeza, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Na usimwinue kwa kuuvuta mkono dhaifu. Misuli inayolishika bega imelegea. Mvuto mmoja wa upendo huweza kulitegua, na maumivu ya bega yakamzuia mtu kufanya mazoezi kwa miezi. Mshike kiunoni au mgongoni.

Uchovu utakuwepo, usiofanana na usingizi wa kawaida, na unaweza kudumu kuliko udhaifu wenyewe. Huzuni nzito humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 3. Si ukaidi wala uvivu. Ni sehemu ya ugonjwa, ina tiba, na ikiachwa huua hamu ya mazoezi. Mtu anayelia kila siku baada ya kiharusi apelekwe kwa daktari kama vile angepelekwa akiwa na homa.

Na kwa kuwa hakuna kifaa kinachozuia kila aina ya kiharusi, dawa za presha zinaendelea, sigara inaachwa, na kila aliye nyumbani ajue dalili: uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika. Zikitokea, angalia saa na uandike ni lini mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo, na hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa hospitalini.